Nafuata mistari ya bingwa, yangu yatoka kama waya

Maalim, shikamoo.

Niko Kisauni, nina miaka 22. Penseli nimeizoea, lakini nikishika wino picha inakufa. Miezi mitatu sasa najifundisha kwa kufuatisha kurasa za Jack Kirby, yule Mmarekani wa vibonzo vya mashujaa. Naziokota kwenye simu, nazichapisha saiba kwa A4, nabandika kwenye kioo cha dirisha, naweka karatasi ya fotokopi juu yake, kisha nafuata kila mstari kwa kalamu ya jeli ya 0.5. Ukurasa mmoja hunichukua kama saa sita.

Kinachotokea ni hiki. Mistari yangu yote ina unene mmoja, kama waya. Ile mirefu inatetemeka. Nikijaza sehemu nyeusi karatasi inajikunja, na mkono unapaka wino kila mahali, hasa mchana. Nimenunua nibu aina ya G, ile ncha ya chuma ya kuchovya, na chupa ya wino, lakini wino unagoma kushuka, halafu unadondoka wote kwa mpigo. Nibu yenyewe imeshaanza kutu. La kuudhi zaidi, nikichora picha yangu mwenyewe ni kana kwamba sijajifunza lolote. Kaka yangu anasema kufuatisha ni wizi na hakujamtoa mchoraji hata mmoja. Niache? Na kama si kuacha, nifanyeje?

Mkono Mzito, Kisauni

Marahaba, mwanangu.

Usiache, ila badilisha karibu kila kitu. Na tuanze na jambo ambalo huenda hulijui: mistari unayoifuata miezi mitatu hii, kwa sehemu kubwa, si ya Kirby.

Katika vibonzo vya Marekani kazi hugawanywa. Mmoja huchora kwa penseli, mwingine hutia wino juu yake. Kirby alikuwa mtu wa penseli, na wino waliutia wengine. Mfululizo wa Fantastic Four kuanzia toleo la 44, mwaka 1965, hadi Kirby alipoondoka, wino wake kwa sehemu kubwa ni wa Joe Sinnott: mistari laini, minene, inayong'aa kama chuma kilichopigwa msasa. Vince Colletta, kwenye mfululizo wa Thor, alitumia mistari myembamba ya nibu inayokwaruza kama nyasi. Mike Royer, miaka ya 1970, alifuata penseli karibu mstari kwa mstari. Ukizichanganya kurasa hizi bila kujua ni wino wa nani, mkono wako unafundishwa na walimu watatu wanaopingana. Chagua mmoja. Kwako wewe tunapendekeza Royer, kwa sababu nakala za penseli za Kirby za miaka ile zimehifadhiwa na kuchapishwa, na unaweza kuziweka kando ya ukurasa uliokamilika ukaona penseli ilisema nini na wino ulijibu nini. Hapo ndipo penye somo. Ukurasa uliokwisha kutiwa wino unakuonyesha majibu tu. Maswali yamefutwa na raba.

Sasa ukubwa. Kurasa hizi hazikuchorwa kwa ukubwa unaouona kitabuni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 eneo la picha kwenye karatasi ya asili ni inchi 10 kwa 15, yaani sentimita 25.4 kwa 38.1, kisha hupunguzwa hadi takriban theluthi mbili. Kabla ya hapo karatasi ilikuwa kubwa zaidi, karibu sentimita 32 kwa 47. Mstari wa milimita 0.5 kwenye karatasi ya asili unafika kwa msomaji ukiwa 0.33. Wewe unafuata mstari uliokwisha kupunguzwa kwa kalamu ya 0.5, kwa hiyo hata ukiufuata sawasawa utakuwa mnene mno, na zile tofauti ndogo za unene hazina nafasi ya kuonekana. Tena kwenye A4 mkono mzima haupati pa kutembea. Vidole ndivyo vinavyochora, na vidole ndivyo vinavyotetemeka.

Chapisha kwenye A3, eneo la picha liwe sentimita 25.4 kwa 38.1. Kurasa za kabla ya mabadiliko hazitaingia, hizo chapisha nusu nusu. Picha ya simu haitafaa ikiwa ndogo: kwa ukubwa huo unahitaji kama pikseli 3,000 kwa 4,500, la sivyo kingo za mistari zinakuwa ngazi na utajikuta unafuatisha ngazi. Tafuta matoleo ya weusi na weupe. Rangi huficha mahali mstari unapoishia.

Usichapishe kwa rangi nyeusi. Fungua picha kwenye GIMP au Krita, programu zote mbili ni za bure. Iondolee rangi, weka juu yake tabaka jipya lililojazwa buluu hafifu (nyekundu 160, kijani 220, buluu 255), na hali ya tabaka hilo uifanye Screen. Nyeusi yote itageuka buluu, nyeupe itabaki nyeupe. Chapisha hiyo moja kwa moja kwenye karatasi utakayotia wino. Printa ya wino ni bora kuliko ya leza, maana unga wa leza ni plastiki na wino wa maji huuteleza. Ila buluu ya printa ya wino nayo huyeyuka kidogo, kwa hiyo iache ikauke usiku mzima. Ukimaliza, skani kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, ubakishe chaneli ya buluu peke yake. Michoro ya chini itapotea na wino wako utabaki. Hakuna raba, hakuna kuchafua.

Hapo dirisha limekwisha kazi, na afadhali. Kwenye kioo kilichosimama mkono unaning'inia hewani na bega linachoka baada ya dakika kumi. Kalamu nayo ncha yake inatazama juu, wino unarudi nyuma badala ya kushuka. Kama huna njia ya kuchapisha kwa buluu, laza kioo juu ya vitabu viwili, weka taa ya LED chini yake, ufanye kazi mezani. Balbu ya moto usitumie, inakausha wino kwenye nibu na inakutoa jasho bure.

Karatasi ya fotokopi ni ya gramu 80. Wino mwingi ukiingia nyuzi zake zinavimba upande mmoja, ndiyo maana inajikunja. Nunua ya gramu 160 hadi 200, yenye uso laini. Manila nyeupe za dukani nyingine zinafaa, nyingine ni sifongo, na kwa macho hazitofautiani. Omba kipande, chora mistari mitano kwa wino wako, subiri dakika mbili, kisha tazama kingo kwa karibu. Zikiota vinyweleo, rudisha. Na karatasi nzuri nayo ikikaa wazi Mombasa inageuka mbaya, hasa mwezi wa nne na wa tano mvua zikishika: inanyonya unyevu wa hewa na siku ya pili wino unatawanyika palepale ulipokaa vizuri jana. Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Toa karatasi moja, funga tena.

Nibu yako haijaharibika. Nibu mpya hupakwa mafuta kiwandani isishike kutu, na wino haukai juu ya mafuta: unajikusanya tone moja, kisha unaanguka. Isugue kwa dawa ya meno au sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kitambaa. Wengine huipitisha kwenye moto; ukizidisha sekunde mbili chuma kinalegea na nibu haitarudi tena, kwa hiyo sisi hatupendekezi. Chovya mpaka katikati ya tundu la nibu, usifike mpini, kisha gusisha upande wake kwenye mdomo wa chupa ili ziada irudi. Usitikise chupa, mapovu yake ndiyo madoa ya kesho. Kila baada ya dakika kumi ichovye kwenye maji uifute, hata kama inaandika vizuri, kwa sababu wino unaokauka kwenye ule mpasuko ndio unaozuia wino unaofuata. Kutu ni habari ya chumvi ya hewani pamoja na nibu kuachwa na unyevu: ifute kavu kabisa, itoe kwenye mpini, ihifadhi kwenye kikopo chenye silika jeli au punje za mchele mkavu.

Wino ukiwa mzito kwa joto, uongeze maji matone mawili au matatu, lakini usitumie ya kisima. Maji ya chumvi hufanya masizi yaliyomo kwenye wino yagandane yakashuka chini, ukabaki na maji ya kijivu juu na matope chini. Tumia maji safi ya betri ya gari. Maji, si asidi! Na mimina wino kidogo kwenye kifuniko utumie humo. Chupa ibaki imefungwa. Feni isikupigie mezani. Igeuze iupige mgongo wako.

Jasho la mkono dawa yake ni karatasi safi chini ya kiganja, au soksi ya zamani iliyokatwa ncha, ivikwe vidole viwili vya mwisho na upande wa kiganja. Mafuta ya ngozi yakiingia kwenye karatasi wino utakimbia hapo hata wiki ijayo. Kalamu ya jeli iweke pembeni kwa kazi hii. Wino wake unachelewa kukauka na unyevu wetu unauchelewesha zaidi. Siku ambazo nibu inakuchosha, tumia kalamu za wino wa pigimenti zisizofutika kwa maji, moja nyembamba, moja ya kati, moja nene. Kwa Pigma Micron, kwa mfano, 01 ni milimita 0.25, 03 ni 0.35 na 08 ni 0.50. Zinakulazimisha kuamua unene kabla ya kugusa karatasi, na hilo si hasara.

Tufike kwenye waya wenyewe.

Mstari wa wino unaeleza vitu vitatu kwa pamoja: umbo linageukia wapi, mwanga unatoka wapi, na kipi kiko mbele. Unene hubadilika kwa sababu hizo. Upande wa kivuli mstari hunenepa, upande wa mwanga hupungua, pengine hukatika kabisa na jicho la msomaji likamalizia. Kitu kilicho mbele hupata mzunguko mnene kuliko kilicho nyuma. Pale umbo moja linapopita mbele ya jingine, kama kidevu juu ya shingo au mkono juu ya nguo, mstari hunenepa kidogo kwenye makutano, kisha hupungua. Ukifuata mzunguko bila kujiuliza hayo, mkono hauna sababu ya kukaza wala kulegeza, na wino unatoka sawa mwanzo hadi mwisho. Basi kabla ya kufungua chupa, tumia dakika kumi na tano na nakala ya pili ya ukurasa na kalamu nyekundu. Chora mshale wa mwanga kwenye kila kisanduku. Tia X kwenye kila sehemu nyeusi. Kwenye mistari mikubwa weka nukta mahali inapoanza na mahali inapoishia. Huo mwanzo na mwisho ndio wengi hawauoni. Wanaona mstari mmoja unaozunguka mwili mzima, kumbe ni mitano iliyounganishwa kwa ustadi.

Kisha mwendo. Nibu hufunguka ikivutwa kuja kwako. Ukiisukuma kwenda mbele ncha inachimba karatasi na kurusha matone. Zungusha karatasi, si kifundo cha mkono. Mtazame fundi wa piko anapompamba bibi harusi: mkono wa mteja anaugeuza kila mara, ile koni ya hina anaivuta, na macho yake hayako kwenye ncha bali kule mstari unakokwenda. Ndivyo hivyo. Kidole kidogo kiegemee karatasi kama nanga, mkono mzima utembee kutoka kiwikoni kwa mistari mirefu. Pitisha kalamu hewani mara mbili bila kugusa, ya tatu gusa na uende mpaka mwisho. Usisimame katikati ya mpindo. Kama lazima usimame, simama pale mstari mwingine unapokatiza, kiungo kifichike. Kila kikao kianze na dakika kumi za mistari kwenye karatasi ya taka: thelathini inayoanza nyembamba ikanenepa, thelathini inayoanza nene ikachongoka kama mkia wa panya. Hiyo ya pili ndiyo inayojenga vivuli vya Kirby, na huharibika kwa kosa moja tu la kawaida: mtu anasimamisha mkono ndipo anyanyue nibu, mstari unabaki na kijidoa mwishoni. Nyanyua ukiwa bado unatembea.

Kuna na yale mapovu meusi ambayo Kirby huyajaza kwenye milipuko na anga. Usiyachore duara moja moja yenye ukubwa mmoja. Yatakuwa madoa ya kanga. Tazama nyeupe iliyo katikati yake, hiyo ndiyo picha. Mapovu makubwa hukaa pamoja, madogo yanatoroka pembeni, na machache yanagusana.

Mpangilio wa kazi: mipaka ya visanduku kwanza, kwa rula yenye ukingo ulioinuka ili wino usinyonywe chini yake. Kisha mizunguko mikubwa, ukitoka juu kushoto kwenda chini kulia kama unatumia mkono wa kulia. Nyuso zisiwe za kwanza, mkono bado baridi. Baadaye mistari ya vivuli. Weusi mpana mwisho kabisa, kwa brashi, kwa tabaka mbili nyepesi badala ya moja iliyofurika, uache saa nzima kabla ya kuweka kiganja hapo. Brashi namba 2 inatosha. Ichovye mpaka nusu ya nywele tu, maana wino wenye gundi ukipanda mpaka kwenye chuma unakauka ndani, nywele zinafunguka kama ufagio na brashi imekwisha. Ioshe kwa sabuni na maji baridi, ichongoe ncha kwa vidole, ilaze ikauke.

Saa sita kwa ukurasa ni nyingi kwa mazoezi. Baada ya saa moja na nusu jicho halioni tena, unapaka tu. Chukua kisanduku kimoja kimoja, na hapa ndipo jibu la lile linalokuudhi zaidi, kwamba picha zako hazibadiliki. Kufuatisha kunafundisha mkono, hakufundishi kuamua. Kila uamuzi ulikuwa umeshafanywa na mwingine. Kwa hiyo kila kisanduku kipite mara tatu. Siku ya kwanza, tia wino juu ya buluu ukiwa na ukurasa uliokamilika mbele yako. Siku ya pili, chapisha penseli za kisanduku hicho hicho. Kama huna penseli, fuatisha mzunguko mtupu bila kivuli wala weusi. Ficha asili, tia wino kwa akili yako, ndipo ulinganishe. Utakuta umeweka kivuli pande zote mbili, au umeogopa weusi. Wanaoanza karibu wote huogopa weusi. Andika makosa mawili pembeni, si kumi. Siku ya tatu, chora kitu chako chenye tatizo hilohilo: kama kisanduku kilikuwa cha mtu anayetoka gizani, mchore mchukuzi akitoka mlangoni kwenye kichochoro cha Mji wa Kale saa saba mchana, jua likiwa wima. Mwanga wako, weusi wako, mbinu ya Royer. Visanduku viwili kwa wiki kwa mpango huu vitakupa zaidi ya kurasa kumi za dirishani.

Ukichoka na Kirby baada ya miezi miwili, mfuate mtu wa mkono tofauti kabisa. Jean Giraud wa Ufaransa anafaa kwa kuwa alikuwa na mikono miwili: hadithi za magharibi mwa Marekani alizitia saini Gir na kuzichora sana kwa brashi, zile za angani akajiita Moebius na kutumia nibu na mistari midogo midogo. Hapa kwetu tafuta Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau iliyokuwa ikitoka kwenye gazeti la Taifa Leo. Mistari michache, unene karibu mmoja, vivuli hakuna. Utadhani ni rahisi mpaka ujaribu, kwa sababu kosa halina pa kujificha.

Kuhusu kaka yako. Mwambie mpangilio huu wa penseli za mmoja na wino wa mwingine ndio uliozijenga kurasa hizo hizo anazozitetea. Lakini ana haki kwenye kitu kimoja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya sanaa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na Kirby alifariki mwaka 1994. Mazoezi ya nyumbani ni matumizi binafsi. Kuyauza, kuyachapisha kwenye fulana, au kuyapaka kwenye ubavu wa matatu kwa malipo ni jambo jingine. Ukiyaonyesha popote, andika chini wazi: penseli Jack Kirby, wino wa mazoezi, kisha jina lako. Zile za siku ya tatu ni zako, hizo weka saini yako peke yake.

Ukituandikia tena, tuma hatua zote tatu za kisanduku kimoja, pamoja na ile karatasi ya taka ya mistari sitini. Usituchagulie kilicho kizuri.